Bangi Yenye Risiti

Kaka yangu alivunjika nyonga akichimba kisima kwenye mto wa mchanga kule kwetu Matinyani. Ukingo ulimporomokea. Vijana walimfukua akiwa hai, lakini tangu siku hiyo hakupata tena usingizi wa kueleweka. Hospitalini walimpa vidonge vya maumivu, akavimeza mpaka tumbo likaanza kutoa damu. Ndipo akapanda miche kadhaa ya bangi nyuma ya zizi la mbuzi. Hakuuza, wala hakuwagawia vijana. Alichemsha majani kwenye maziwa, akanywa jioni, akalala.

Askari walikuja Jumapili, watu wakitoka kanisani. Mama alikuwa bado na Biblia kwapani. Waling'oa ile miche, wakamtwika kaka aibebe mwenyewe hadi kwenye gari, akichechemea mbele ya majirani. Kortini hakimu alimuuliza kama ana la kusema.

"Nyonga inaniuma, mheshimiwa," akajibu.

Watu wakacheka. Akafungwa kifungo kirefu. Mke wake akarudi kwao. Mama alimngoja mpaka akafa, na kaka hakupewa ruhusa ya kutoka jela kuja kumzika. Alipotoka, alirudi kanisani alikokuwa akiimba besi kwenye kwaya, wakamwambia akae kwanza viti vya nyuma, waone mwenendo wake.

Mimi niliolewa upande wa Makueni, nina duka pale Malili. Binti yangu yuko Kanada, anatunza wazee katika nyumba ya wazee. Kuwainua na kuwageuza kitandani kumemharibu mgongo. Nilipoenda kumtembelea, siku moja aliniambia, "Mum, twende dukani nikachukue dawa yangu."

Nikadhani ni duka la dawa. Tukaingia mahali peupe, penye taa kama duka la simu. Msichana wa mlangoni akaniomba kitambulisho, athibitishe kwamba nimefikisha umri wa kuruhusiwa kuingia. Mimi, mwenye nywele nyeupe na wajukuu. Binti yangu akacheka. Kisha nikaona alama nyekundu yenye picha ya jani kwenye kila kopo, na lile jani nililitambua. Nikageuka kutazama mlangoni, nikitarajia askari.

"Mum, tulia. Hapa ni halali."

Alichukua kichupa cha mafuta. Mimi kama mwenye duka nimezoea kusoma pakiti, hata ya unga, nione kama tarehe imepita. Nikakisoma. Kulikuwa na tarehe ya kufungashwa, namba ya fungu la bidhaa, jina la kampuni iliyolima, na onyo kwenye kisanduku cha manjano. Weka mbali na watoto. Mwenye mimba au anayenyonyesha asitumie.

"Na hizi herufi?" nikauliza.

"THC ndiyo inayolewesha kichwa," akasema. "CBD haileweshi mtu. Hii yangu ina CBD nyingi, THC kidogo sana. Angalia, wameandika miligramu kwa kila mililita. Mtu huanza na tone dogo, anangoja aone, haongezi kwa haraka. Na hainiponyi, Mum. Inaniwezesha tu kulala."

Inaniwezesha kulala. Kaka alikuwa amesema maneno hayohayo, kwa Kikamba, akiwa amefungwa pingu Jumapili ile.

Muuzaji alimpa binti yangu risiti na kumtakia siku njema. Nje nilimwomba anisaidie nipeleke kichupa kimoja kwa mjomba wake. Akanishika mkono kwa nguvu. "Hapana, Mum. Ukivuka nayo mpaka, huko uwanja wa ndege watakushika kama walivyomshika." Basi nikakipiga picha kichupa chake, na maandishi yake, kwa simu.

Niliporudi nilipitia soko la Kabati, nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda Matinyani. Kaka alikuwa ameketi kivulini kwenye ukuta wa nyumba, mguu umenyooshwa juu ya mtungi wa plastiki. Nilimsomea picha yote, mstari kwa mstari, nikimtafsiria.

"Hapo kwa mwenye shamba," akasema. "Wameandika jina?"

"Wameandika."

"Na mimi langu liliandikwa. Kwa mashtaka."

Akaisogeza simu karibu na macho. Baadaye akauliza, "Huyo anayeuza, jioni anaenda kwake?"

"Anaenda kwake."

"Futa hiyo picha, dada yangu. Wasikukute nayo."

Nilimwambia picha si kosa. Akarudia, "Futa." Nikaifuta mbele yake, akaona ikitoka. Mwanamume aliyekuwa akiingia futi nyingi chini ya mchanga bila hofu, sasa aliogopa picha.

Hakuishi kuona mvua za mwaka huo. Mwishoni alilia kwa maumivu usiku na mchana, na vilivyokuwa nyumbani ni vidonge vilevile vya kumtoboa tumbo. Siku ya mazishi, msomaji wa wasifu alitaja kuzaliwa kwake, shule, visima alivyochimba, kisha akasoma, "Baadaye alikuwa mbali na nyumbani kwa muda." Wazee wa kanisa wakaitikia kwa vichwa, wameridhika, kama watu waliofunika chungu vizuri.

Nikainuka, nikachukua maikrofoni.

"Hakuwa mbali," nikasema. "Alikuwa jela, kwa sababu ya majani ya kumsaidia kulala. Kuna nchi majani hayo yanauzwa dukani, na mwenye kuyauza anasema asante. Nimeyaona kwa macho yangu."

Mchungaji akaanzisha wimbo kabla sijamaliza. Kwaya ikaupokea kwa sauti kubwa, na nusu ya watu wakasimama. Niliendelea kuongea, lakini mtu alikuwa ameshazima spika.