Binti wa Dobi Hakanyagi Maji

Mama Dobi alifua shuka za nyumba za wageni kwa muda mrefu hata mikono yake ikazeeka kabla yake. Ua wake wote ulikuwa mabeseni: la sabuni, la kusuuza, la bluu, na kati yake njia ya kupita kuku mmoja, tena mwembamba. Humo ndimo alimomlea binti yake wa pekee, na sheria ilikuwa moja: atakayekanyaga maji ya mama atamjua mama. Mtoto akajua kuruka kabla hajajua kutembea vizuri. Majirani wakamwita Panzi.

Kwa hiyo Panzi alipoingia timu ya taifa, mbio za wanawake za kuruka viunzi na maji, hakuna jirani aliyeshangaa. Aliyeshangaa ni kocha. Katika mbio hizo kuna kiunzi chenye dimbwi ng'ambo yake, na wakimbiaji wenye akili hukanyaga ukingo wa maji kwa mguu mmoja, wakaendelea na safari. Panzi huliruka dimbwi lote. Nguvu anazomwaga hewani ndizo anazokuja kuzitafuta mzunguko wa mwisho, asizione. Kocha alilikausha dimbwi; Panzi akakanyaga sakafu bila neno. Kocha akamwaga humo ndoo moja tu ya maji. Panzi akapaa kama aliyefukuzwa na nyuki.

Mashindano ya ubingwa wa bara yalipokaribia, kocha alifika uani, akajibanza kati ya mabeseni.

“Mama, mpe ruhusa akanyage maji.”

“Kwani mimi ndiye mwenye maji ya huko?”

“Yeye anaona ni yako. Kila mara anakuwa wa nne, mama. Na wa nne hapewi hata pole.”

Mama Dobi alikamua foronya mpaka ikalia. “We Panzi! Kocha wako anataka ukanyage. Haya, kanyaga!”

“Ndiyo, mama,” Panzi akajibu, macho chini.

Lakini kila aliyelelewa na mama anaijua “haya” ile. Ni dada wa “haya, endelea kulia.” Panzi aliiamini kama mbuzi anavyoamini mkono uliofichwa nyuma ya mgongo.

Siku ya fainali Mama Dobi aliketishwa karibu kabisa na dimbwi, kando ya mzee mmoja aliyevaa tai. Akachungulia.

“Maji gani haya? Mimi hata deki sipigii.”

Mbio zikaanza. Kila mzunguko Panzi alilivuka dimbwi bila kulowa, na soksi alizofuliwa na mama yake ziling'aa juani.

“Mwone anavyopaa!” mzee akapiga makofi. “Huyu ana mabawa!”

Mama Dobi hakupiga makofi. Yeye alitazama magoti. Kila Panzi alipotua yalizama zaidi, kama kamba iliyoanikwa blanketi bichi. Alikujua kuinama kule; ndiko kwa mgongo wake mwenyewe jua likizama. Akaelewa: mtoto hakuwa akipaa. Alikuwa bado anakimbia kofi.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Panzi alikuwa wa tatu, na wa nne alikuwa akimpumulia shingoni. Walipolikaribia dimbwi Mama Dobi alisimama, kanga ikamdondoka, asiiokote.

“Panzi! Kanyaga, mama! Nitafua mimi!”

Panzi akageuza uso. Akapanda kiunzi, na mguu ukaingia majini. Kwa kukosa mazoea aliuingiza wote, maji yakaruka mpaka yakailowesha tai ya mzee. Lakini mguu uliotoka ulikuwa bado na nguvu zake. Yule wa nne akamfikia, wakaenda bega kwa bega hadi mstari wa mwisho, na Panzi akatanguliza kifua. Wa tatu!

“Wa tatu!” mzee alipiga kelele huku akikamua tai. “Medali hiyo, mama!”

Panzi hakwenda kwa wapiga picha. Alirudi mpaka kwenye uzio akichuruzika, akasimama mbele ya mama yake, kichwa chini.

“Mama, nimekanyaga.”

“Nimeona.”

Panzi akainua macho. “Kumbe ni ya baridi!”

Mama Dobi aliitazama soksi iliyolowa. Akapiga magoti, akapenyeza mikono yake mizee kwenye uzio, akaanza kumfungua kamba za viatu.