Mtu wa Mwisho Mji Mkongwe

Jamani, wacha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Juzi nilipewa nafasi kubwa kwenye filamu: maradhi yameua watu wote, nimebaki mimi peke yangu Mji Mkongwe. Nilijigamba mpaka majirani zangu wa Mpendae wakawa wananikimbia.

Kumbe kichochoro cha kupigia picha ndicho nilichokulia. Wenyeji waliombwa wafunge madirisha, na vijana waliojifanya maiti wakalala mabarazani. Nikapita polepole. Hakuna kelele za watoto, hakuna harufu ya maandazi niliyoizoea utotoni. Machozi yakanitoka yenyewe, na muongozaji akatabasamu nyuma ya kamera.

Mara dirisha la juu likafunguka.

"We Saidi!"

Alikuwa Bi Zuhura, aliyekuwa akinituma mkate kila asubuhi nilipokuwa mdogo.

"Naam!" nikaitika mbio, mikono nyuma. "Shikamoo, Bi Zuhura!"

"Shikamoo, Bi Zuhura!" wakaamkia na maiti wote.

Muongozaji akajishika kichwa.

"Marahaba, wanangu. Saidi, nimeambiwa umebaki peke yako mji mzima. Basi panda juu, uje ule."