Sauti ya Stoo ya Shule

Juzi binti yangu alikuwa akicheza gemu la Kijapani: wasichana wa shule wanafuatilia uvumi wa mizimu. Nikaikumbuka stoo ya shule yetu Kibondo, iliyonuka kutu na majani ya mikaratusi. Ilisemekana mzimu unalia humo. Mimi na rafiki yangu Leokadia tulikwenda na vidumu vyetu vya kumwagilia maua.

"Mumpe amazi," mwanamke aliomba maji gizani.

Kilikuwa Kiha chetu, ila kimepinda kidogo. Nikadhani ndivyo wafu wanavyosema. Sasa najua kilikuwa Kirundi, na kwamba alikuwa amevuka mpaka kwa miguu akikimbia vita.

Leokadia akampa kidumu. Akanywa, kisha akamnywesha mtoto aliyempakata. Maji yakatiririka shingoni mwa mtoto.

"Mbona hamezi?" nilinong'ona.

"Watoto wa mizimu hawana kiu."

Nikamwamini.