Kengele Iliyorudi Temeke

Jumamosi ile niliondoka Temeke na kengele ya kanisa begani, nimeifunga kwenye kanga ya mke wangu. Naiita kengele kwa heshima tu. Kilikuwa kipande cha reli, tulichokitundika mbele ya kanisa letu la makuti na kukigonga kwa nyundo. Nilikuwa nakipeleka Kinondoni, kwenye mkutano wa kila mwezi wa walimu wa kanisa, nimkabidhi mchungaji na kuacha kazi.

Kwa hasira sijambo tangu utotoni, lakini safari hii sababu ilikuwepo. Waumini wangu wengi walikuwa makuli wa bandarini Kurasini, na meli haijui Jumapili. Wiki iliyotangulia niligonga chuma kile mpaka mkono ukafa ganzi. Alikuja mtu mmoja tu, bibi jirani yetu, Mwislamu, na ndoo ya maji kichwani.

"Moto uko wapi, mwalimu?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Asubuhi ya safari aliniambia, "Kengele isiporudi, sawa; ila kanga yangu irudi."

Desturi ya mkutano wetu ilikuwa kwamba kabla ya chakula kila mmoja aeleze mwezi wake ulivyokwenda, bila kupaka rangi. Akaanza mwenyeji wetu wa Kinondoni, ambaye nilimwonea wivu kwa kusikia kanisa lake limejaa hadi mlangoni.

"Lilijaa kweli," akasema. "Si mvua ilikuwa inanyesha? Ilipokatika, hata katikati ya mahubiri sijafika, nikabaki na mke wangu. Naye kasinzia."

Mwenzetu mmoja kutoka kusini, pande la mtu, alicheka mpaka benchi likalia.

Zamu yangu ilipofika nilifungua kanga, nikakiweka chuma miguuni pa mchungaji, nikamwaga yote: meli, mabenchi matupu, bibi na ndoo yake. Nilitaka wanihurumie. Waliposikia habari ya ndoo wakaangua kicheko, yule wa kusini akifuta machozi, na mimi niliyekuja nimenuna nikajikuta nacheka nao.

Mchungaji alingoja tutulie. "Kuacha unaweza, mwalimu. Lakini kengele ni mali ya watu wa Temeke, mie siipokei. Irudishe kwanza, ndipo uache."

Baada ya ugali na kisamvu nikaaga. Wenzangu wakainuka kunisindikiza, na yule wa kusini akaikunja kanga ikawa ngata, akajitwika chuma kichwani. Msindikizaji hufika njia panda akarudi. Tulipofika pale nikanyoosha mikono nipokee mzigo wangu.

"Twende bwana, acha maneno," akasema, akanipita.

Wakapokezana njia nzima, Magomeni mpaka Ilala na kuendelea, wakigombana nani amebeba kidogo, wakiimba penye barabara nzuri na kunyamaza penye mchanga. Kila nilipoomba zamu walininyima. Nilitembea mikono mitupu, sijui niiweke wapi kwa furaha.

Kufika Temeke, wakakitundika chuma mahali pake. Yule wa kusini akasema lazima kijaribiwe, akashika nyundo, akagonga kwa nguvu zake zote. Bibi akatokea mbio na ndoo.

"Shikamoo, bibi," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba." Akatutazama tulivyolowa jasho, mashati mekundu kwa kutu. "Kumbe moto hakuna. Nyie mna kiu tu." Akatuchotea maji, tukanywa mpaka ndoo ikaisha.

Mke wangu aliichukua kanga yake, akaikung'uta kutu, akanitazama.

"Kesho nani atagonga?"

"Mimi," nikasema.

Asubuhi yake nikagonga. Meli ilikuwa bado bandarini, na waliokuja hawakujaza hata benchi la mbele. Nikahubiri mpaka mwisho, nikiwaza nitakavyowasimulia wenzangu mwezi ujao.