Mtani Wangu Mahabusu

Iko siku moja ya vita, mwanangu, ambayo hainitoki. Ilikuwa mchana, jua kali, watu wamepanga foleni ya chakula. Nilikuwa askari kijana wa polisi jeshi, mie Mzaramo wa Temeke, na kazi yangu haikuwa kupigana na adui. Kazi yangu ilikuwa kuwalinda askari wenzetu waliokosa. Mahabusu yetu ilikuwa ghala la kahawa karibu na mpaka, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Ndani alikuwamo Maganga, Mnyamwezi, aliyekamatwa kwa kuondoka kikosini bila ruhusa. Alikuwa amesikia mdogo wake kaumia kwenye kikosi kingine, akaenda kumtafuta. Unajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Tangu aletwe tulikuwa tunachokozana kupitia tundu la mlango, na sikufichi, utani ule ndio ulionifanya niivumilie kazi ile.

Siku hiyo akaniita. "Mtani, tumbo linanikata. Niitie daktari."

"Babu yako alibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka Bagamoyo," nikamjibu, "wewe tumbo tu linakushinda?"

Akacheka. Kweli alicheka, mwanangu, nimelirudia jambo hili kichwani mpaka nimechoka. "Mzaramo we, umeacha lini ngoma ukajua kazi?"

Mtu anayeweza kujibu hivyo anaumwa kweli? Ndivyo nilivyojiambia. Na mahabusu wengi walikuwa wakijifanya wagonjwa ili watolewe nje. Na sajini alikuwa anakula, naye hakupenda kusumbuliwa. Sababu zote hizo nilikuwa nazo, na zote zilikuwa za kweli.

Baadaye akaniita kwa jina langu, kwa sauti ndogo, "Pazi, leo sikutanii."

"Hivyo ndivyo mnavyoanzaga nyie," nikasema, na wenzangu waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko.

Hakusema tena. Nilipofungua kumpa ugali wake nilimkuta sakafuni, magoti yamegusa kidevu, jasho limemlowesha. Tulimbeba. Alifia njiani, kabla hatujafika kwenye hema la daktari. Daktari alisema ni utumbo. Sikumuuliza kama angepona endapo ningemwita mapema. Nafasi ya kuuliza nilikuwa nayo, nikaogopa. Sasa daktari mwenyewe labda ni marehemu, na mie nimebaki na majibu yote mawili.

Tulipomzika, sajini, mtu mzima mwenye mvi, akanigeukia pale kaburini. "Wewe si ndiye mtani wake? Msibani mtani ndiye anayechekesha watu. Haya, tuchekeshe."

Nilishika koleo, nikaendelea kufukia. Mpaka leo, msiba wa Mnyamwezi ukitokea hapa mtaani na wakaja kuniita nikafanye utani, nasema naumwa.

Mwanangu, umemaliza chuo, ajira hakuna, na Jumatatu unaanza kulinda kiwanda kule Chang'ombe. Watakamata wezi, watawafungia chumbani, wewe utapewa ufunguo. Nakuomba hili. Utani ni wa watu wawili ambao wote wanaweza kuondoka. Ukishamfungia mtu mlango, humo ndani hana mtani; ana wewe tu. Akisema anaumwa, muitie mtu. Kama anakudanganya, acha akudanganye, acha wenzako wakucheke, wakuite mjinga. Ujinga huo unalalika nao. Siwezi kukuahidi kwamba ukifanya hivyo utamwokoa kila mtu. Sijui hata kama ningemwokoa Maganga.

Mungu akulinde, na awalinde zaidi wale watakaowekwa mikononi mwako. Na akujalie, mwanangu, usije ukazeeka na swali ambalo hakuna tena aliye hai wa kukujibu.