Nyota Mbili za Bi Mahira

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. La, nimekosea, ni tisini na sita, maana tisini na tano goti la Mwanakuu lilikuwa bado zima.

Mwanakuu alikuwa jirani yangu Kibokoni, na kazi yake ilikuwa kualika harusi za wanawake. Kadi zilikuwa zikienda kwa wanaume; mwanamke alialikwa kwa mdomo, mlangoni kwake, na mtu ajuaye kusema. Mwanakuu alijua. Alijua aanze nyumba ipi, ipi ina eda asiingie na vicheko, na nani hasemi na nani. Yote alikuwa nayo kichwani. Goti lilipomshika, mitaa ya mbali ikabidi waende wanawake wengine, na hao walitaka karatasi ya majina.

Mzamil, mwana wa dadake, alikuwa akipiga chapa kwa kompyuta katika duka moja upande wa Marikiti. Akamwambia, "Andika kwa mkono, mama mdogo, mimi nitapanga. Jina la mtaa litangulizie alama hii kama wavu, litatoka kubwa. Kila nyumba itangulizie kistari. Mtu mzito mtie nyota huku na nyota huku, jina litatoka nene."

"Na wale wasiosemezana?"

"Watie kijiti mbele na nyuma. Watatoka wamelala upande."

"Hapo sawa. Shingo zao zimepinda kitambo."

Ikampendeza. Akaanza kuzidisha alama zake mwenyewe: duara tupu kwa nyumba yenye eda, vitone viwili kwa mwenye masikio mazito, abishiwe hodi kwa nguvu. Mzamil akazikubali zote.

Ikaja harusi moja ya Ndia Kuu. Shangazi wa bibi harusi alikuwa Bi Mahira. Sasa, shangazi haalikwi. Shughuli ni yake. Yeye ndiye asimamaye mlangoni na mrashi, akiwanyunyizia wageni marashi. Kwa hivyo Mwanakuu hakumwandika. Mzamil aliposoma karatasi akaona jina la mkubwa wa ukoo halimo, akadhani mama mdogo amesahau. Mambo ya harusi za wanawake, mwanamume atayajulia wapi? Akaliweka juu kabisa, na nyota zake mbili, likatoka nene. Tena kwa adabu akampelekea Bi Mahira nakala.

Habari zilipomfikia Mwanakuu akachukua buibui lake. Mimi nilimsindikiza kwa ajili ya ngazi za kwa Bi Mahira.

"Nimeiona karatasi," akasema Bi Mahira. "Nzuri. Jina langu limenona kunishinda mimi."

"Ni mtoto yule, Bi Mahira. Mimi sikukuandika."

"Lakini nimeandikwa. Nami nikialikwa huenda."

"Na mrashi atashika nani?"

"Mimi mgeni, bibi, waniuliza mrashi?"

Mwanakuu akalinyoosha goti. "Usiposimama mlangoni," akasema, "watu watasema mimi ndiye niliyekutoa nyumbani kwenu. Hakuna atakayenituma tena mji huu."

"Kunywa kahawa," akasema Bi Mahira. "Kahawa haina makosa."

Tukanywa, tukaaga.

Ya ndani ya harusi nilisimuliwa. Bi Mahira alikuja saa ya wageni, pamoja na wageni. Mlangoni alikuwa Mwanakuu, na goti lake, na mrashi, maana hakupatikana mwengine aliyekubali kuushika mahali pa shangazi. Bi Mahira akakinga viganja kama wengine, akarashiwa. Akala pilau, akamuombea kheri bibi harusi, akaenda zake. Hakugombana na mtu.

Harusi iliyofuata ya ukoo ule, wanawake nao walipelekewa kadi. Na nyengine vivyo hivyo. Mwanakuu hakulalamika, alikaa kwake akidarizi kofia, na mtu akimuuliza za kualika husema goti.

Mzamil alilifuta jina lile kwenye mashine, akaja kumwambia mama yake mdogo kuwa amelifuta. Akajibiwa ahsante.

Mimi nilimuuliza Mzamil jambo moja, nikamuuliza Mwanakuu, na siku moja nilipokutana na Bi Mahira njiani nikamuuliza na yeye. Mzamil akacheka, Mwanakuu akatunga uzi kwenye sindano, Bi Mahira akaniuliza afya yangu. Nilitaka kujua tu: mtu wa nyumbani, katika karatasi, huwekwa wapi?