Kabla Hujapachika Televisheni Ukutani

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo hunirudia kila mtu anapoingia karakanani kwangu kuagiza meza ya televisheni. Mimi ni seremala, umri umekwenda, na hapa mtaani Maisaka, Babati, siku hizi natengeneza meza hizo kuliko vitanda. Vijana huja na vipimo kwenye simu, inchi hamsini, inchi sitini na tano, na mimi kabla sijashika futi huwauliza swali linalowachekesha: mlango wa kuingilia uko upande gani? Wanatazamana, wanasema mzee ameanza kuchoka. Basi kaa hapo juu ya mbao nikueleze kwa nini nauliza.

Miaka hiyo nilikuwa na umri kama wako, nimeoa, nina mtoto mmoja, Paskali, na kichwa kimejaa upepo. Nilishuka mjini Babati kutoka kwetu juu Mbulu nikiwa na randa na msumeno tu. Mungu akanifungulia, nikajenga vyumba vitatu. Umeme ulipofika mtaani nikasema sasa na mimi niwe mtu. Televisheni za antena zilikuwepo kwa wachache, ila picha zake zilijaa chenga, hujui mchezaji ni yupi na mwamuzi ni yupi. Mimi nikataka dishi, lile kubwa la futi sita, na risiva yake ya dijitali. Fundi aliyekuja kulifunga alinishauri tuliweke nyuma, karibu na jiko, kwamba huko mbingu iko wazi na hakuna wa kulitikisa. Nikakataa. Nilitaka likae mbele, apitaye barabarani alione. Fundi akanitazama, akafunga nilipotaka, na kuanzia siku hiyo kila mbuzi wa jirani aliyejikuna kwenye nguzo yake alitukatia picha. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nami sikusikia maumivu.

Kabati la televisheni nililiunda mwenyewe kwa mbao ya mninga. Nikalisimamisha kwenye ukuta unaotazamana na mlango, kisha viti nikavipanga safu mbili kama mabenchi ya kanisani, vyote vikielekea kwenye kioo. Nilijiona fundi kwelikweli. Sikugundua kwamba kila anayeketi sebuleni kwangu alikuwa amempa mgongo anayeingia.

Jumamosi yenyewe kulikuwa na mpira. Nusu ya mtaa ilikuwa kwangu, na mimi nimekaa mbele kabisa na rimoti mkononi. Mama Paskali, mke wangu, alikuwa akitoka jikoni na birika la chai alipomkuta mtu amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa baba mdogo Tarmo, mdogo wake marehemu baba yangu. Amepiga hodi mara mbili, hakuna aliyeitikia.

Simu za mkononi wakati huo mjini zilikuwa za kuhesabika, na kule kwetu juu hata moja haikuwepo. Ujumbe ulikuja kwa miguu ya mtu. Kumwona baba mdogo siku ambayo si ya mnada wala ya sikukuu kulitosha kunifanya nishtuke. Sikushtuka. Niliinuka nusu, nikampa mkono huku shingo imebaki kwenye kioo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, baba Paskali."

"Habari za huko?"

"Nzuri," akasema, akavuta pumzi. Hapo watu wakapiga kelele, mpira umegonga mwamba, nami nikageuka.

Wewe unatujua sisi watu wa huku. Mtu akitoka mbali hamwagi habari mlangoni kama anayemwaga maji machafu. Hata kama nyumba yake imeungua, ukimwuliza habari atajibu nzuri. Ataketi, atakunywa chai, mtaulizana mvua na mifugo, halafu atatulia na kusema, "Ila..." Habari iliyomleta huanzia hapo. Kazi ya mwenyeji ni kuingoja. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona kwa dawa ambayo hakumpa mgeni nafasi ya kuitoa mfukoni.

Tulimpa kiti cha nyuma. Mama Paskali akamletea chai, baadaye ugali na maziwa ya mgando. Mpira ukaisha, watu wakaondoka, ikaingia taarifa ya habari, ikafuata tamthilia. Baba mdogo akasogeza kiti, akaniita kwa upole, nami nikamjibu, "Subiri kidogo baba, wanamalizia." Hawakumalizia. Chombo kile hakina mwisho, kipindi kikiisha huku kingine kinaanza kule, na rimoti ninayo mimi. Mwisho mzee akauliza pa kulala.

Alfajiri akawahi lori la kupanda Mbulu. Mimi nilikuwa nimelala, mke wangu ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani. Njiani mzee alimwambia neno moja tu: "Mwambie baba Paskali mama yake anamwulizia sana."

Mama Paskali alinifikishia, akaongeza kwamba macho ya mzee hayakumpendeza, afadhali niende. Mimi nikasema mama gani asiyemwulizia mwanawe? Nitakwenda. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na fainali, nikapanga kwenda ikishapita. Nakuambia haya kama yalivyokuwa, mwanangu, sijaongeza wala kupunguza.

Nilipanda Mbulu Jumatatu baada ya fainali. Nilimkuta mama kitandani, mdomo umevutwa upande mmoja na mkono wa kulia hauna kazi. Alinitambua. Alinishika kwa mkono wa kushoto, akaanza kusema, na kilichotoka ni mlio tu. Akajaribu tena. Nikaanza kumsaidia kwa kumtajia vitu: ni shamba? Ni ng'ombe? Ni dada yangu aliyeolewa Sigino? Kuna mtu unamdai, kuna mtu umemkosea? Kila nilichotaja alitikisa kichwa. Nilitaja mpaka nikaishiwa. Yeye ndiye aliyechoka kwanza, akaniwekea mkono kichwani, akafumba macho. Nililia mbele yake, na sioni haya kukwambia.

Baba mdogo alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Nikamwendea kwa hasira, si unajua mkosaji hutafuta wa kumgawia kosa. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mama anaumwa.

Hakuinua sauti. "Uliniuliza habari, nikakujibu nzuri. Ulitaka nianze na kilio mlangoni, mbele ya watu?" Akapuliza vumbi la mpini. "Siku ile mkono wake ulikuwa umeanza kufa ganzi, lakini mdomo ulikuwa mzima. Akasema, niitie mwanangu, nina neno naye. Ndiyo maana nikaja. Mara tatu nilifungua mdomo kwako, mara tatu nikaufunga. Nikajiambia, pengine mtu akishakaa mjini, habari za kwao zinamchosha. Mwanangu, kumpa mtu chai si kumkaribisha."

Nikarudi ndani, nikaketi kando ya kitanda cha mama.

Mama aliishi mpaka mavuno ya mwaka ule. Nilipanda kila wiki, nikaketi naye, nikamlisha uji, nikamtajia vitu vingine. Neno lake hakuweza kulitoa, na amelala nalo. Huenda lilikuwa dogo. Huenda alitaka tu kuniambia nimpunguzie Mama Paskali kazi, maana alimpenda sana. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi sijui hata yalikuwa kiasi gani.

Usidhani nilirudi nikaivunja televisheni. Watu hupenda hadithi iishe hivyo. Niliihamishia ukuta wa pembeni, viti nikavigeuza vitazamane, na aliyeketi akawa anauona mlango. Majirani walilalamika kwamba shingo zinawauma. Nikawaambia shingo hupona. Ya sasa ni bapa, ina king'amuzi kidogo kama sanduku la viatu vya mtoto, na mpira bado naupenda, Mama Paskali atakupa ushahidi.

Kwa hiyo unapokwenda kuchagua, chagua kwa akili. Usinunue inchi za jirani, nunua za chumba chako. Kaa unapokusudia kukaa, upime kwa hatua, maana kioo kikubwa kwenye chumba kidogo kitakuumiza macho. King'amuzi usimwulize anayekiuza peke yake, waulize wa mtaani kwako, kwa sababu kinachoshika vizuri Mutuka huenda kwako kikasumbua. Ukimwita fundi, msikilize, dishi si la kupendezesha nyumba. Weka kifaa cha kulinda umeme, unajua unavyocheza huku. Kifurushi chukua kile ambacho watu wa nyumba yako watakitazama kweli, chaneli mia hazitazamwi na macho mawili. Na rimoti isiwe fimbo ya ufalme ya mtu mmoja, mkeo na watoto nao wana vyao.

Hayo ni ya dukani. La nyumbani ni hili: hodi ikisikika, zima. Sisemi upunguze sauti, kwa sababu jicho litabaki pale pale na mgeni atajua. Zima, inuka, mpe mkono ukimtazama usoni, umwulize habari, halafu nyamaza. Mpe nafasi ya kuvuta pumzi mara ya pili. Kama hana neno, mtawasha mtazame pamoja, na furaha itazidi. Kama analo, utakuwa umeliokoa. Mpira ukikupita utausimuliwa kesho na watu kumi, kila mmoja kwa namna yake. Yapo maneno ambayo ni mtu mmoja tu duniani aliyepewa akuletee.

Mungu akujalie nyumba yenye amani, mwanangu, mwenzi wa kucheka naye na watoto wanaokimbilia mlangoni wakisikia mtu. Akujalie wageni, na akujalie sikio la kuwangoja. Meza yako nitaitengeneza, njoo Alhamisi. Na leo ukitoka hapa, kama mama bado unaye, mpigie simu umwulize habari. Akikujibu nzuri, usikate.